Mama amepata nguvu baada ya kununua virutubisho vya kopo: ni kopo lililomnyanyua au ni kitu kingine?

#1 Kilakala
Wakuu, salaam. Mama yangu ana umri wa miaka 67, anaishi Morogoro, ana kisukari cha ukubwani na huu ni mwaka wa tisa anatumia metformin. Tangu mwaka jana alikuwa analalamika kwamba nyayo zinakufa ganzi usiku, na kwamba akibeba ndoo kutoka bombani hadi jikoni analazimika kupumzika mara mbili. Wiki sita zilizopita alipitiwa na wakala wa virutubisho, akamuuzia makopo mawili kwa shilingi 185,000, fedha ambazo nilikuwa nimemtumia aezekee banda la kuku. Nilikasirika sana.

Jumapili nilikwenda kumsalimia, nikamkuta anapalilia matembele nyuma ya nyumba, jembe mkononi, ananiambia: "Mwanangu, kopo limeninyanyua."

Lebo inasema kila kidonge kina vitamini B12 mikrogramu 500, vitamini D mikrogramu 10, zinki miligramu 10, madini ya chuma miligramu 14, na "mchanganyiko maalumu wa mimea" miligramu 350. Anatakiwa kumeza viwili kwa siku baada ya kula, na kila kopo lina vidonge 60. Naomba kueleweshwa mambo mawili. Je, ni kweli kopo ndilo lililomnyanyua? Na mtu wa kawaida anajuaje kwamba anahitaji vitu hivi kabla fedha haijatoka mfukoni?

#2 Chuma Kizito
Pole mkuu, ila kuku nao wana haki ya kusikilizwa katika uzi huu.

#3 Dirisha la Dawa
Mleta uzi, mimi ni mfamasia, na neno lililonisimamisha katika maelezo yako ni metformin, wala si kopo. Dawa hiyo ni nzuri na mama asiiache, lakini ikitumika kwa miaka mingi, hasa kwa kipimo kikubwa, hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini B12. Mwili huweka akiba ya vitamini hiyo kwenye ini, akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa, na ndiyo maana upungufu huja polepole na mtu anadhani ni uzee. Dalili zake ni uchovu, kupungukiwa damu, ganzi ya miguu, na wakati mwingine kusahausahau. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wawapime B12 wagonjwa wa metformin wenye dalili za namna hiyo.

Tatizo ni kwamba kisukari chenyewe nacho huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kuleta ganzi ileile, kwa hiyo mgonjwa na hata mhudumu wanaweza kuridhika na jibu la kwanza wasitafute la pili. Kwa maelezo yako, inawezekana kabisa kwamba mama alikuwa na upungufu halisi, na kopo, kwa bahati tu, lilikuwa na kitu kilichopungua. Swali langu: anakula nini? B12 ipo kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa, na mboga za majani hazina.

#4 Wakala Mwema
Nashukuru mfamasia kwa kukiri kwamba bidhaa zinafanya kazi. Mimi ni wakala kwa mwaka wa nne, na ninachowaambia wateja ni kwamba udongo wa siku hizi umechoka, chakula hakina tena virutubishi vya zamani, kwa hiyo kila mtu anahitaji nyongeza, awe mzima au mgonjwa. Bidhaa zetu si dawa, ni lishe, na hutibu chanzo cha kisukari badala ya kutuliza dalili.

#5 Nazi Mbovu
Wakala, katika aya moja umesema si dawa na umesema inatibu. Chagua kiti kimoja ukalie.

Hoja ya udongo sitaitupa yote, kwa sababu ina chembe ya ukweli mahali ambapo hukuitumia. Madini joto, yaani ayodini, kweli hutegemea udongo, na watu wa nyanda za juu waliugua rovu kwa sababu udongo wao ulikuwa nayo kidogo. Dawa yake haikuwa kopo la shilingi laki moja, ilikuwa ni kutia madini hayo kwenye chumvi ambayo kila nyumba hununua. Lakini B12 haitoki kwenye udongo uliochoka wala uliopumzika. Hutengenezwa na bakteria, na sisi tunaipata kupitia wanyama.

Kuhusu mama wa Kilakala, mimi nina maelezo mengine. Watu hununua vitu hivi siku wanapokuwa hoi kuliko siku zote, na uchovu una tabia ya kupanda na kushuka. Ukinunua chochote siku ya hali mbaya zaidi, hata kama ni majivu, kuna uwezekano mkubwa kwamba wiki sita baadaye utakuwa na nafuu, na majivu yatapewa sifa.

#6 Mama Wawili
Habari zenu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, na ningependa kujibu swali la pili la mleta uzi, kwa sababu linapuuzwa. Yapo makundi ambayo jibu lake limeshapatikana na halihitaji wakala. Mjamzito hupewa FEFO, yaani madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, kwa sababu damu yake inahitaji kuongezeka na mtoto anachota kwake. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Mtoto mwenye kuhara hupewa zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvichumvi. Hivyo vyote hutolewa kliniki.

Kinachonishangaza ni hiki. Mama mjamzito anapokea FEFO bure, anafika nyumbani anaviweka kwenye droo kwa sababu vinafanya choo kiwe cheusi na tumbo kukaza, halafu mwezi unaofuata anakuja na chupa ya rangi ya dhahabu aliyonunua kwa bei ya kitenge, ndani yake kuna chuma kidogo kuliko kile kilichopo kwenye droo. Wengine wanameza kidonge na chai ya rangi, na chai huzuia chuma kisifyonzwe. Ninawaambia wameze kwa maji, na kama kuna chungwa au juisi ya ubuyu, bora zaidi.

Kuhusu bibi yetu wa Morogoro, naomba Kilakala aulize jambo dogo: kabla ya kopo alikuwa anakunywa chai asubuhi na nini? Maelekezo ya kopo yanasema "baada ya kula". Nimewaona wazee wengi ambao kifungua kinywa chao ni chai kavu, na wakipewa kitu kinachodai chakula ndipo wanaanza kuchemsha yai.

#7 Kilakala
Asanteni. Mama Wawili, umenishika pabaya. Nimempigia simu sasa hivi. Amesema zamani asubuhi alikuwa anakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, lakini wakala alimwambia kopo "halitaki tumbo tupu", kwa hiyo siku hizi anakula yai au dagaa na ugali uliobaki. Mfamasia, nyama anakula mara moja kwa wiki, na maziwa aliacha kwa sababu yanamjaza tumbo.

#8 Darubini
Wakuu, nipo maabara. Nina mambo matatu, na la kwanza ni la haraka.

Huo "mchanganyiko maalumu wa mimea" wa miligramu 350 hauelezi mimea gani wala kila mmoja ni kiasi gani. Vyombo vya udhibiti katika nchi mbalimbali vimewahi kukamata vidonge vya "mimea" vilivyochanganywa kwa siri na dawa za hospitali, zikiwamo za jamii ya steroidi. Steroidi humpa mtu nguvu, hamu ya kula na nafuu ya viungo ndani ya siku chache, na kwa mgonjwa wa kisukari hupandisha sukari. Sisemi kopo la mama lina kitu hicho. Ninasema mpimeni sukari wiki hii na mlinganishe na vipimo vya nyuma.

La pili, wakati mzuri wa kupima B12 ulikuwa kabla ya kopo. Ukimpima leo, kipimo kitaonyesha B12 iliyomo kwenye damu pamoja na aliyomeza, na kikionekana kizuri hakitatuambia alikuwaje kabla.

La tatu nalisema kwa sababu linanitesa kazini. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (vitamini ya kundi B) nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwamo vya tezi ya shingo na kile cha kuangalia kama moyo umepata shambulio. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo mwaka 2017. Dada mmoja aliletwa kwetu akiwa na majibu ya tezi yaliyopishana kabisa na hali yake, tukarudia kipimo, majibu yakawa yaleyale, hadi mwenzangu alipomuuliza kuhusu nywele zake nzuri. Akatoa kopo kwenye mkoba. Kwa hiyo mnapokwenda kupimwa semeni kila mnachomeza, hata kama kimeandikwa "asilia".

#9 Chuma Kizito
Nami nitubu hadharani. Nilitumia unga wa protini kwa miaka miwili nikiamini bila huo misuli haitaki. Mwalimu wa mazoezi alinikalisha tukapiga hesabu ya maharage, mayai na maziwa ninayokula, tukakuta protini ilishapita kiasi ninachohitaji kabla hata sijafungua unga. Nimebaki na kreatini, kirutubisho cha nguvu za misuli, gramu 5 kwa siku, ambayo angalau ushahidi wake kwa watu wa kunyanyua vyuma ni mzuri. Fedha iliyobaki sikujengea banda la kuku, lakini nimeonja uchungu wako mkuu.

#10 Mama Latifa
Samahani kwa kuingilia uzi wa bibi. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, hapendi kula, na jirani ameniambia nimnunulie dawa ya maji ya kuongeza damu, kwa kuwa madini ya chuma hayawezi kumdhuru mtoto. Je, niendelee?

#11 Mtu wa Wete
Mama Latifa, usianze kabla mtoto hajapimwa damu, na huyo jirani umrekebishe kwa upole. Jambo hili lilipimwa kwetu Pemba. Watoto wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa, wengine wakapewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine hawakupewa. Kila mtu alitarajia waliopewa wangenawiri. Mwaka 2003 sehemu ya utafiti yenye chuma ilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa au kufariki. Wakati ule malaria ilikuwa kali sana kisiwani.

Ila msome hadi mwisho, maana wengi huishia nusu na kuanza kukiogopa chuma. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu, na ambao malaria yao ilikuwa inagunduliwa na kutibiwa, walinufaika. Kidonge kilekile kilimfaa aliyepungukiwa na huenda kilimdhuru ambaye hakupungukiwa. Tangu hapo, penye malaria, watoto hupewa chuma sambamba na kinga na tiba ya malaria.

#12 Mama Wawili
Mtu wa Wete amesema sahihi, na naongeza kwamba mtoto mwenye selimundu asipewe chuma kiholela, kwani yeye kawaida huandikiwa asidi ya foliki peke yake. Mama Latifa, mlete kliniki. Na ile chupa ukiinunua iweke juu kabisa, kwa sababu ni tamu, na mtoto akiimaliza yote ni sumu.

#13 Leicester Baridi
Salaam kutoka kwenye mawingu. Nawaunga mkono mnaosema chakula kwanza, lakini msitusahau tulio mbali na jua. Hapa Uingereza kila mtu anashauriwa kutumia vitamini D mikrogramu 10 kwa siku wakati wa majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaambiwa tuitumie mwaka mzima, kwa sababu ngozi yetu huhitaji jua zaidi kutengeneza kiasi kilekile. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga alinicheka kwa kunywa vidonge vya jua. Ilipofika Januari aliniomba vyangu.

Kwa hiyo bibi wa Morogoro anayepalilia matembele saa nne asubuhi, ile vitamini D ya kwenye kopo huenda anaipata bure mgongoni.

#14 Wakala Mwema
Mnanukuu tafiti, lakini mnasahau ushuhuda wa watu. Nina wateja wanaoishi na VVU ambao wamenawiri kwa bidhaa hizi. Na zimepita kwenye vyombo vya serikali.

#15 Dirisha la Dawa
Ndugu wakala, nakujibu kwa heshima, kwa kuwa hapa umegusa jambo ambalo Dar es Salaam ina historia nalo. Wanawake wajawazito 1,078 wanaoishi na VVU walifuatiliwa pale jijini kabla dawa za kufubaza hazijaenea, na matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba vitamini za kundi B, pamoja na C na E, zilichelewesha ugonjwa kusonga mbele. Hapo uko sahihi. Lakini vitamini A katika utafiti huohuo iliongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto. Baadaye, dawa zilipokuwa zinapatikana, wakapimwa wagonjwa zaidi ya 3,000 waliokuwa wanaanza dawa hizo, wengine wakipewa vitamini kwa kipimo kikubwa na wengine kipimo cha kawaida. Kipimo kikubwa hakikuongeza faida yoyote, kilipandisha kimeng'enya kinachoashiria ini kuumia, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda.

Kuna hatari nyingine ambayo mawakala wengi hawaijui. Dawa ya kufubaza inayotumika zaidi sasa ina dolutegravir, na chuma, kalsiamu, zinki au magnesiamu vikikutana nayo tumboni huishika na kuizuia isifyonzwe. Mgonjwa anatakiwa kumeza dawa yake saa mbili kabla ya virutubisho hivyo, au saa sita baada yake. Je, wateja wako umewaeleza hivyo? Vilevile, chuma na kalsiamu hushika dawa za tezi na baadhi ya viuavijasumu.

Kuhusu vyombo vya serikali, tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula upo TBS, na dawa zipo TMDA. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula haijathibitishwa kwamba inatibu kisukari. Na ikitoka Marekani, sheria yao ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuingia sokoni bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza mbele ya mamlaka kwamba vinafanya kazi.

#16 Kengele ya Saa Kumi
Nimesoma uzi wote na ninyi wote mmezungumzia kilichomo kwenye kopo. Hakuna aliyeuliza huyo wakala anakwenda kwa bibi mara ngapi. Mama yangu mkubwa alikuwa na wakala wake pia, binti mcheshi, anakuja kila Alhamisi, anakaa saa nzima, anamuuliza amelalaje, anamkandakanda miguu, anaondoka. Binti alipohamia Dodoma, mama mkubwa aliendelea na vidonge vilevile na uchovu ukarudi. Kilakala, bila kukulaumu, kabla ya Jumapili ile ulikwenda lini?

#17 Kilakala
Mwezi wa pili. Tuendelee.

Nimerudi Morogoro Jumamosi na nina taarifa tatu. Darubini, sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 7.8, wakati kwenye kadi ya kliniki ya miezi mitatu iliyopita ilikuwa 11.2, kwa hiyo haikupanda, imeshuka. Kengele, ni kweli: wakala hupita kila Alhamisi, na mama humwekea kiti chake.

La tatu ni hili. Nilimwaga vidonge vyote juu ya meza nikahesabu. Makopo mawili ni vidonge 120. Kwa siku 42, viwili kila siku, vilipaswa kubaki 36. Vimebaki 97. Nilipomuuliza alicheka sana, akasema vinanuka, kwa hiyo huwa anameza vile vya Alhamisi wakala akiwepo, ili asimvunje moyo, na siku nyingine "akikumbuka". Lakini yai analikula kila siku.

#18 Nazi Mbovu
Vidonge 23 kwa wiki sita! Wakala, mteja wako anakunywa huruma. Nadhani kesi imekwisha: ni yai, ni sukari iliyoshuka, au ni Alhamisi.

#19 Dirisha la Dawa
Kesi haijaisha, mkuu. Sukari kushuka kutoka 11.2 hadi 7.8 peke yake inatosha kumwondolea mtu uchovu, hilo nakubali. Lakini tufanye hesabu. Mtu mzima anahitaji B12 karibu mikrogramu 2.4 kwa siku. Katika kipimo kikubwa, karibu asilimia 1 hupenya utumboni yenyewe bila kusubiri njia ya kawaida, na asilimia 1 ya mikrogramu 500 ni mikrogramu 5. Kila kidonge kimoja kwa hiyo kilimpa mahitaji ya siku mbili. Vidonge 23 vinakaribia siku 46, na mama ana siku 42.

#20 Darubini
Nami nabaki na wasiwasi wangu. Mwanamke wa miaka 67 hapotezi damu ya mwezi. Kama alikuwa na upungufu wa damu na ile chuma ndiyo iliyomsaidia, basi huenda kuna mahali damu ilikuwa inavuja, pengine tumboni, na hilo halitafutwi kwa kopo. Apimwe wingi wa damu na figo.

#21 Wakala Mwema
Kilakala, naomba kujua kama mama atahitaji kopo la tatu.

#22 Kilakala
Nimemuuliza. Amesema vilivyobaki vinatosha hadi Krismasi, ila Alhamisi uje, amekuwekea matembele.